Je, Wajua? Vidonge vya Kifafa na Chupa ya Mizizi

Safari hii tuko Temeke na Kinondoni, kwenye nyumba ambazo pakiti ya fenobabitali imewekwa ubavuni mwa chupa ya mizizi juu ya kabati moja la vyombo. Tunaangalia kinachotokea viwili hivyo vinapokutana ndani ya mwili wa mtu mmoja.

Je, wajua kwamba waganga wa Temeke wamo katika jarida la kimataifa la sayansi kwa sababu ya kifafa? Mwaka 2005 watafiti wa Muhimbili, Mainen Moshi, Godeliver Kagashe na Zakaria Mbwambo, walichapisha matokeo ya mahojiano yao na waganga wa jadi 100 wa Wilaya ya Temeke, enzi ambazo Kigamboni nayo ilikuwa bado ndani ya wilaya hiyo. Waganga 30 walisema kifafa kinaletwa na uchawi. Wengine 19 walisema ni cha kurithi, 24 wakataja kuumia kichwa au malaria, na 27 wakasema hawajui chanzo chake. Lakini ulipofika wakati wa kueleza ugonjwa wenyewe unavyoonekana, 92 kati ya hao 100 waliueleza barabara: kizunguzungu, kuanguka ghafla, kupoteza fahamu, povu mdomoni, kung'ata ulimi, kuchanganyikiwa baada ya kuamka.

Wale 24 wangeweza kuketi meza moja na daktari yeyote wa Mwananyamala na wakaelewana. Malaria iliyopanda kichwani huweza kumwachia mtoto kovu kwenye ubongo, na kovu hilo huweza kuwa mwanzo wa kifafa miaka baadaye. Kichwa kilichogonga lami kwenye ajali ya bodaboda nacho ni hivyo hivyo. Nawaheshimu pia wale 27. Mtu anayeishi kwa kutibu akikubali kusema "sijui" amefanya jambo gumu.

Je, wajua kwamba waganga hao walitaja mimea 60 ya kutibu kifafa, na mitatu kati yake tayari ilikuwa imethibitika maabara kuwa na uwezo wa kuzuia degedege? Ni Clausena anisata, Hoslundia opposita na Abrus precatorius. Huo wa mwisho ndio mtipitipi, mmea utambaao wenye mbegu nyekundu za doa jeusi ambazo watoto wa pwani huzichezea. Ndani ya mbegu hizo mna abrini, sumu kali inayoweza kuua. Mmea mmoja, sehemu moja dawa, sehemu nyingine sumu. Ndiyo maana nasikitika mtu anaposema "ni majani tu, hayana madhara." Jani lenye uwezo wa kutuliza ubongo lina nguvu, na chenye nguvu kinataka kipimo.

Je, wajua kwamba kifafa kinachozoeleka kuitwa ugonjwa wa watu wachache kinawapata watu wapatao milioni 50 duniani? Shirika la Afya Duniani linasema karibu asilimia 80 kati yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati, na kwamba hadi asilimia 70 wangeweza kuishi bila kuanguka kama wangegunduliwa mapema na kupata dawa sahihi. Utafiti uliofanyika Wilaya ya Hai, Kilimanjaro, ulikuta kwamba zaidi ya watu wazima 6 kati ya 10 wenye kifafa hawakuwa kwenye matibabu ya hospitali.

Je, wajua kwamba fenobabitali, kidonge kile cheupe kidogo kinachotolewa zaidi katika zahanati na hospitali zetu, kinatibu kifafa tangu mwaka 1912? Daktari kijana wa Ujerumani, Alfred Hauptmann, aliwapa wagonjwa wake kama dawa ya usingizi, akaona idadi ya kuanguka kwao imepungua. Hadi leo gharama yake kwa mgonjwa mmoja haizidi dola chache kwa mwaka.

Je, wajua kwamba fenobabitali haitoki mwilini siku unapoacha kuinywa? Hapa naomba tukae kidogo, maana naamini kwenye jambo hili moja ndipo familia nyingi zinapopotea njia.

Kwa mtu mzima, fenobabitali huchukua siku 3 hadi 4, pengine zaidi, kupungua nusu tu kwenye damu. Baada ya siku nyingine kama hizo inabaki robo. Inaweza kupita wiki mbili hadi tatu kabla haijakwisha. Sasa mfikirie kijana wa Mbagala ambaye shangazi yake amempelekea dawa ya mizizi siku ya Ijumaa na kumwambia aache vidonge ili "dawa zisipigane." Jumamosi haanguki. Jumatatu haanguki. Wiki inaisha mzima kabisa, kichwa chepesi, usingizi wa mchana umepungua, kwa sababu ile dawa inayoleta usingizi inashuka taratibu. Nyumba nzima inashukuru. Shangazi anapigiwa simu. Kumbe kinachomlinda kijana wiki ile nzima ni mabaki ya vidonge alivyoviacha.

Kisha mabaki yanakwisha. Ubongo uliozoea breki kwa miaka unajikuta hauna breki, na kuanguka kunarudi kwa fujo kuliko mwanzo, wakati mwingine mfululizo, moja baada ya jingine bila fahamu kurudi katikati. Hali hiyo inaua. Na kwa kuwa imetokea wiki mbili baada ya vidonge kuachwa, hakuna anayeihusisha na vidonge. Inasemwa adui ameongeza nguvu, na kijana anarudishwa kwa mganga badala ya kukimbizwa hospitali.

Je, wajua kwamba kuacha dawa za kifafa kunawezekana, ila kwa ngazi? Mtu aliyekaa miaka miwili au zaidi bila kuanguka anaweza kuzungumza na daktari wake, naye akampunguzia kidogo kidogo kwa wiki na miezi. Si kila mgonjwa anafaa kupunguziwa. Wako pia watoto ambao kifafa chao hukoma chenyewe wakikaribia au wakipita balehe, na aliyewapa jani mwaka ule ndiye hubaki na sifa.

Je, wajua kwamba fenitoini, dawa iliyoanza kutumika kwa kifafa mwaka 1938, ina tabia ambayo karibu dawa nyingine zote hazina? Dawa nyingi ukiongeza kipimo kidogo, kiwango chake kwenye damu huongezeka kidogo. Fenitoini huenda vizuri mpaka ini linapofikia kikomo cha uwezo wake wa kuivunja. Kuanzia hapo nyongeza ndogo tu hupandisha kiwango kwa kasi ya kutisha. Ndoo iliyojaa hadi ukingoni haihitaji debe zima ili imwagike, kikombe kinatosha.

Kikombe hicho chaweza kuwa kitu kinacholichelewesha ini kufanya kazi yake. Watafiti wa India waliwapa watu piperini, kiini cha ukali wa pilipili manga, pamoja na fenitoini, wakakuta dawa imepanda kwenye damu. Pilipili manga ya kwenye pilau si tatizo. Tatizo ni vidonge vya virutubisho ambavyo piperini imeongezwa kwa makusudi ili mwili unyonye zaidi, na aghalabu kwenye lebo imeandikwa kwa maandishi madogo chini ya manjano na tangawizi.

Je, wajua kwamba fenitoini ikizidi, mgonjwa huonekana kama amelewa? Anapepesuka, ulimi mzito, macho yanacheza upande hadi upande, anaona vitu viwiliviwili. Mtu wa familia ya Kiislamu au ya Kilokole asiyegusa pombe akionekana hivyo saa nne asubuhi, jirani wa kwanza atasema jini. Atafukizwa, atasomewa, atapewa dawa nyingine ya kunywa. Anachohitaji kwa haraka ni kufika hospitali akiwa na pakiti ya vidonge vyake mkononi.

Je, wajua kwamba fenitoini inaweza pia kushushwa na mmea? Mwaka 1992 madaktari wa India walieleza habari za wagonjwa waliokuwa wametulia kwa fenitoini, kisha wakaanza kuanguka tena baada ya kutumia shankhapushpi, dawa ya Kiayuveda inayopendwa kwa kuimarisha kumbukumbu. Walipoijaribu kwa panya, kiwango cha fenitoini kilishuka. Dawa za Kiayuveda zinauzwa Dar es Salaam, na kifafa chenyewe kinaweza kuharibu kumbukumbu. Mgonjwa anayeitafuta dawa ya kumbukumbu ana sababu ya kweli ya kuitafuta. Anahitaji kuambiwa hili kabla hajalipa.

Je, wajua kwamba hata vitamini zinazohesabika kuwa salama zimo kwenye orodha hii? Asidi ya foliki inaweza kushusha fenitoini, na vitamini B6 kwa vipimo vikubwa inaweza kushusha fenitoini na fenobabitali. Mama mjamzito mwenye kifafa anahitaji asidi ya foliki sana. Kwa hiyo jibu lake ni kuinywa chini ya macho ya kliniki, si kuikwepa. Akiwa anatumia valproeti, dawa nyingine ya kifafa, amwone daktari mapema, ikiwezekana kabla ya mimba, maana dawa hiyo inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Asiiache mwenyewe.

Je, wajua kwamba balungi moja linaweza kubadilisha kipimo chako? Mwaka 1989 David Bailey na wenzake wa Kanada walikuwa wanapima dawa ya shinikizo la damu pamoja na pombe, wakatumia juisi ya balungi kuficha ladha ya pombe hiyo. Dawa ikapanda kwenye damu kupita matarajio yao yote, na mkosaji akawa juisi. Baadaye wagonjwa wa kifafa waliopewa dawa yao ya kabamazepini pamoja na juisi ya balungi walikutwa na kiwango cha dawa kilichopanda kwa karibu asilimia 40. Chungwa la kawaida la Tanga kula bila hofu.

Je, wajua jinsi valproeti ilivyogunduliwa? Hadithi hii naipenda kuliko zote za safu hii.

Asidi ya valproiki ilitengenezwa maabara mwaka 1882, na ni ndugu wa asidi inayopatikana kwenye mizizi ya valeriani, mmea wa kale wa usingizi huko Ulaya. Kwa miaka 80 haikuwa dawa ya chochote. Ilitumika kama kimiminika cha kuyeyushia vitu vingine. Mwaka 1962, huko Grenoble, Ufaransa, mtafiti Pierre Eymard alikuwa na viambata vilivyotokana na kelini, kemikali ya mmea unaojulikana tangu kale Misri na nchi za Mediterania, navyo vilikataa kuyeyuka kwenye maji. Akaviyeyusha kwenye asidi ya valproiki. Vilipojaribiwa kwa wanyama, vikazuia degedege. Kiambata cha kwanza kikafanya kazi, cha pili kikafanya kazi, na vingine vyote vikafuata. Hapo watafiti wakashtuka: haiwezekani vyote viwe dawa. Wakajaribu kile kimiminika peke yake. Kumbe chenyewe ndicho dawa.

Wangetangaza ushindi wa mmea siku ile ya kwanza, wangekuwa wamekosea, na waliukwepa mtego huo kwa sababu walitenganisha vitu vilivyochanganyika na kujaribu kimoja kimoja. Mgonjwa wa Tandika anayekunywa valproeti, unga wa mlonge, kijiko cha habasoda na maji ya mizizi siku moja hana njia ya kujua kipi kimemsaidia, na akidhurika hana njia ya kujua kipi kimemdhuru. Daktari wake naye hana, hasa kama hakuambiwa.

Je, wajua kwamba habasoda imejaribiwa kwa watoto wenye kifafa sugu? Ni Iran, mwaka 2007, na kuanguka kulipungua. Watoto walikuwa wachache, na waliendelea kumeza dawa zao za hospitali muda wote. Wanaouza mafuta ya habasoda hukitaja kipande cha kwanza cha habari hii na kukiacha cha pili.

Je, wajua kwamba mafuta ya mwarobaini ni hatari kwa mtoto mchanga? Mwaka 1981 madaktari wa Malaysia waliandika kuhusu watoto walionyweshwa mafuta hayo kwa magonjwa madogo madogo, wakatapika, wakalegea, wakapata degedege, ini na ubongo vikaumia. Valproeti nayo kwa nadra huumiza ini, na walio hatarini zaidi ni watoto chini ya miaka 2. Mtoto anayetumia valproeti asipewe mafuta ya mwarobaini kamwe. Na mtoto yeyote anayetumia valproeti akianza kutapika, kulegea au macho kuwa ya njano, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Je, wajua kwamba kafuri ilitumika kuleta degedege kwa makusudi? Mwaka 1934, Hungaria, daktari Ladislas Meduna aliwachoma wagonjwa wa akili sindano za kafuri ili wapate mtukutiko, akiamini utawatibu. Uwezo huo bado upo ndani ya kafuri. Mafuta ya mkaratusi yakimezwa nayo yanaweza kuleta degedege, na kwa mtoto mdogo kiasi cha kijiko cha chai ni kingi mno. Wakati wa korona kujifukizia kulienea sana, na nyungu zenye majani ya mkaratusi bado zinapikwa nyumba nyingi za Bunju na Chamazi. Kwa mwenye kifafa iko hatari nyingine ya wazi kabisa: akishikwa akiwa chini ya shuka, uso uko juu ya sufuria ya maji yanayochemka.

Je, wajua kwamba mkaa wa dawa unaouzwa kusafisha tumbo hunyonya na vidonge vyako pia? Hospitali huutumia kumwokoa mtu aliyemeza fenobabitali au kabamazepini kupita kiasi, kwa sababu huikamata dawa na kutoka nayo. Ukiunywa na dozi yako ya kawaida, utafanya kazi hiyo hiyo. Sanamaki na shubiri zinazoharisha hupitisha chakula haraka, na kidonge kinaweza kupita nacho. Kuharisha sana kunapoteza pia chumvi za mwili, na kwa anayetumia kabamazepini, dawa ambayo yenyewe inaweza kushusha sodiamu, upungufu huo waweza kumletea mtukutiko.

Je, wajua kwamba ginko, inayouzwa kwenye vichupa vya virutubisho kwa ajili ya akili na kumbukumbu, ina kemikali inayovuruga kazi ya vitamini B6 kwenye ubongo? Hupatikana zaidi kwenye mbegu zake, ambazo huko Japani zimewahi kuwaletea watu degedege walipozila kwa wingi. Mwaka 2005 ilichapishwa Marekani habari ya mgonjwa aliyefariki kwa kifafa akiwa anatumia dawa zake pamoja na virutubisho vya ginko.

Je, wajua kwamba bangi imetoa dawa halali ya kifafa? Juni 2018 Marekani iliidhinisha kanabidioli, kiambata cha mmea huo kisicholevya, kwa aina mbili za kifafa kikali cha watoto. Hata hiyo iliyopimwa na kuidhinishwa inagongana na dawa nyingine: ikitumika na valproeti ini linaweza kuumia, na ikitumika na klobazamu, nayo dawa ya kifafa, usingizi huzidi. Moshi wa bangi wa kijiweni si dawa hiyo, na Tanzania bangi ni kosa la jinai.

Je, wajua kwamba kuna dawa za "mitishamba" zenye vidonge vya hospitali ndani yake? Mwaka 2000 madaktari wa Hong Kong walieleza habari ya sumu ya fenitoini iliyotokana na dawa za asili za Kichina. Kilichokuwa kinauzwa kama mitishamba kilikuwa na fenitoini iliyochanganywa kwa siri. Mgonjwa anayemeza fenitoini ya kliniki na kuongeza nyingine asiyoijua anafika ukingoni haraka.

Simama mbele ya meza yoyote ya dawa za asili kwenye soko la Tandika uone kazi ilivyo ngumu. Magome yamefungwa kwa kamba ya katani, unga wa kijivu na wa kahawia umo kwenye vifuko vya nailoni visivyo na maandishi, na chupa zilizokuwa za maji ya kunywa sasa zina maji meusi ya mizizi, kizibo kimekazwa kwa kipande cha mfuko. Muuzaji anavijua vyote kwa macho. Wewe ukifika nyumbani huwezi kuvitofautisha.

Je, wajua kwamba tiba asili ina sheria yake? Ni Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala Namba 23 ya mwaka 2002, iliyoanzisha Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Mganga anatakiwa asajiliwe na Baraza, na dawa anayoiuza isajiliwe pia. Kabla ya usajili usalama wa dawa hupimwa kwenye maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Muhimbili iko Taasisi ya Tiba Asili, iliyoanza kama kitengo mwaka 1974, na Mabibo kiko kituo cha utafiti wa dawa za asili cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR. Una haki ya kumwomba mganga akuonyeshe cheti. Aliye nacho hachukii kuulizwa.

Je, wajua kwamba fenobabitali, fenitoini na kabamazepini hulihimiza ini livunje dawa nyingine haraka? Vidonge vya uzazi wa mpango na vijiti vya mkononi hupungua nguvu, na dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi huenda zikahitaji kurekebishwa kipimo. Mwambie kila anayekuandikia dawa.

Je, wajua kwamba mmea unaotajwa zaidi duniani kwa kugongana na dawa, ule unaoitwa wa Mtakatifu Yohana, haukuishusha kabamazepini ulipojaribiwa kwa watu mwaka 2000? Unashusha dawa za uzazi wa mpango na nyingi nyingine. Kwa hiyo kusikia kwamba jirani alichanganya bila shida hakutoshi: kila jozi ina habari yake.

Je, wajua kwamba degedege ya homa na kifafa ni vitu viwili? Bagamoyo, utafiti uliochapishwa mwaka 1996 ulieleza jinsi watoto wenye degedege ya malaria walivyoanzia kwa tiba za nyumbani na za waganga huku saa zikiyoyoma. Mtoto mwenye homa na degedege ni wa hospitali kwanza, hata usiku, hata kama bibi amesema ni ndege.

Je, wajua kwamba kliniki ya kifafa ya mwanzo kabisa kwetu inayojulikana kimataifa haikuwa Dar? Ilikuwa Mahenge, mwanzoni mwa miaka ya 1960, kazi ya Dk. Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, aliyewakuta wagonjwa wametengwa na jamii na kuwaanzishia fenobabitali. Watafiti waliomfuata wamekihusisha kifafa cha huko na minyoo ya ugonjwa wa usubi.

Je, wajua kwamba swali la kliniki lina namna ya kuulizwa? Mgonjwa wa kifafa katika hospitali zetu nyingi huonwa kwenye kitengo cha afya ya akili, foleni ndefu, watu wameketi bega kwa bega.

"Mama, kuna dawa nyingine anayotumia mtoto?"

"Hapana, daktari."

Jibu hilo ni la heshima na la hofu ya kugombezwa, na chupa imebaki nyumbani. Mhudumu mwingine anauliza: "Nyumbani bibi anamsaidiaje? Anamwogesha kwa nini, anamnywesha nini?" Hapo yanatoka yote, mpaka jina la mtaa anakokaa mganga. Wauguzi wanaouliza hivi wanaokoa watu, na natamani swali la pili liandikwe kwenye fomu.

Nawe usisubiri kuulizwa. Beba chupa yenyewe, kifuko chenyewe, au piga picha ya lebo kwa simu. Kwenye daftari la kliniki andika tarehe ulizoanguka na tarehe uliyoanza kila kitu kipya, hata chai. Kwa mganga nako beba pakiti ya hospitali, umwonyeshe. Akisema acha vidonge, toka.

Je, wajua la kufanya mtu akianguka Mwenge au Rangi Tatu kituoni? Ondoa vitu vikali na vya moto karibu naye, weka kitu laini chini ya kichwa, legeza kola, na mtukutiko ukipungua mlaze ubavu. Usimtie kijiko, kiberiti wala ufunguo mdomoni. Usimnyweshe kitu, iwe maji, iwe dawa, mpaka aamke kabisa. Mate yake hayaambukizi. Angalia saa: ikipita dakika 5 bado anatukutika, au akishikwa tena kabla fahamu hazijarudi, tafuta gari.

Je, wajua kwamba taarifa ya madhara ya dawa inaweza kutolewa na mgonjwa mwenyewe? Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, inazipokea, na hata madhara ya dawa za asili yanaripotiwa. Kinachotakiwa ni jina la dawa au kifuko chake, siku ulipoanza kuitumia, kilichotokea, na orodha ya dawa zote nyingine ulizokuwa unameza wiki hiyo.